Kimya cha Mzee Thobias

Mzee Thobias alishuka kutoka milimani tangu alfajiri, barua ya rufaa ikiwa ndani ya koti. Kamati ya viwango vya viungo ilikuwa imepitisha kwamba pilipili manga iliyokaushwa juu ya meko haitanunuliwa tena. Ikaushwe kwa jua tu. Jua! Kule juu ya Bigwa, wakati wa mavuno, ukungu hukaa wiki nzima. Na mavuno yake yote ya mwaka yalikuwa darini jikoni kwake, juu ya meko.

Ofisini Kihonda alimkuta Godlisten, mwenyekiti yule yule aliyepitisha uamuzi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Rufaa unaisikiliza wewe tena?"

"Mimi na wenzangu wawili. Wengine wamesafiri."

Katibu, Hosiana, akafungua muhtasari. "Imeandikwa wajumbe wote waliridhia. Mzee, nawe ulikuwa mjumbe kikaoni siku ile. Ulipinga?"

Mzee Thobias akakohoa. Siku ile walimlisha wali kwa kuku, wakampa kiti cha mbele. Kwao, mtu hambishii mwenyeji wake akiwa bado na mchuzi vidoleni. Ananyamaza, na watu wote hujua amekataa.

"Nilinyamaza kwa hasira."

"Hasira haina nafasi kwenye muhtasari," Godlisten alisema, wenzake wakacheka. "Rufaa inaangalia utaratibu, baba, haiangalii moshi. Utaratibu ulifuatwa. Kiwango kitapitiwa upya baada ya miaka mitatu."

Hosiana akamsogezea karatasi ya matokeo ya rufaa.

"Nikisaini?"

"Umeridhia."

"Nisiposaini?"

"Hukuhudhuria. Rufaa inafutwa, na huruhusiwi kuleta nyingine hata kiwango kikipitiwa upya."

Akachukua kalamu, akaandika NINAPINGA kwa herufi kubwa, mstari mzima. Hosiana aliisoma, akaichana taratibu, akachapa nyingine.

"Hapo ni jina tu, baba. Samahani."

"Basi andika kwenye muhtasari kwamba nimekataa. Leo nasema kwa mdomo, mnanisikia wote."

"Tunakusikia sana," Godlisten alisema kwa upole. "Ila maoni yalikuwa ya kikao kile. Humu tunaandika matokeo."

Mzee Thobias alitazama mlango, akatazama karatasi. Miaka mitatu, au milele. Akasaini.

Nje alimpigia mkewe, Filomena.

"Ile pilipili mbichi, ishushe kutoka juu ya meko."

"Niishushe niiweke wapi, Baba Mosi? Nguo za juzi bado zinachuruzika."

Alibaki na simu sikioni, akimsikia mkewe anavyosubiri.