Asilimia Sabini ya Fundi Hamimu

Fundi Hamimu alikuwa na miaka thelathini na nne ya kutengeneza redio katika mtaa wa Asiatique, na katika miaka yote hiyo neno "sijui" halikuwahi kumtoka mbele ya mteja. Redio ikimshinda, alisema imechoka. Saa ikimshinda, alisema mwenye saa ndiye anayeisumbua. Tuseme ukweli, alijua mengi, ila kiburi chake kilijua zaidi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Rachid, kijana wa kutengeneza simu, mwenye meza ya kioo na taa ya kujifunga kichwani. Miaka mitatu sasa Hamimu alikuwa akitangaza, msikitini na sokoni, kwamba yule si fundi, ni mchuuzi wa vioo. Rachid hakujibu hata siku moja, na hilo lilimkera mzee kuliko tusi.

Asubuhi hiyo alikuja Mélissa, mchora ramani za nyumba. Akachomoa kwenye nywele zake kalamu nyeupe, laini, isiyo na wino wala kifuniko. Ilikuwa ya kuchorea juu ya tablet, na alikuwa ameinunua jana tu kwa mtu aliyekwisha kuitumia.

"Papa Hamimu, mi nataka tu kujua batri yake iko na ngapi. Saa nane niko na kazi Kajaga, nachora nyumba mbele ya wenyewe. Ikizimika katikati, wataniona mutu wa mchezo. Nikuachie na tablet?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema ndiyo. Lakini Rachid alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza.

"Tablet ya nini? Mugonjwa ndiye analala hospitali, ndugu zake wanabaki nyumbani. Rudi saa saba."

Mélissa akaenda zake na tablet begani, Hamimu akabaki na mgonjwa. Alimgeuza huku na huku akitafuta skrubu, hakuna. Tundu, hakuna. Akagusisha nyaya za kipimo chake kwenye ncha na kwenye kisigino, mshale haukutikisika. Akalamba ncha, kama alivyolamba betri tangu utotoni, akingoja ule mchomo mdogo wa ulimi. Ulimi ukamletea habari za plastiki na mafuta ya nywele.

Kila aliyekulia na redio anajua dawa ya betri iliyochoka: unaitafuna kidogo, halafu unaianika juani. Kuitafuna aliogopa, mali ya watu. Akaianika juu ya bati, katikati ya betri mbili kuukuu za tochi, akakaa kuilinda kama anayelinda mpunga.

Saa sita na nusu ilimkuta hana jibu. Angeweza kuvuka barabara akamuulize Rachid. Hatua kumi na mbili tu. Alizipima kwa macho, akaziona nyingi mno. Angeanzia wapi, baada ya yote aliyoyasema? Aliona aibu, na aibu hiyo akaiita hasira ili aweze kuibeba.

Mélissa aliporudi, alimkabidhi kalamu ingali na joto la jua.

"Sabini," akasema. "Sabini kwa mia."

"Merci, papa. Sasa naenda na moyo mweupe."

Rachid alikuwa amesikia. Akavuka barabara polepole, akamsalimu mzee kwa heshima, akaomba tablet. Alipoigusisha kalamu kwenye ubavu wa tablet, ikanata yenyewe, na juu ya kioo ikatokea picha ya betri na namba yake. Sita. Wote watatu waliiona.

"Ni jua," Rachid akasema haraka, macho chini. "Mzee alipima vizuri, jua ndiyo imeimaliza. Acha inate hapo hapo, tablet itailisha. Ukifika Kajaga itakuwa na ya kutosha."

Uongo ule ulikuwa umeshonwa vizuri, na ulimkaa Hamimu sawasawa. Angeuvaa tu, yakaisha. Lakini kuvishwa na mtu uliyemvua nguo hadharani miaka mitatu, hilo lilimchoma.

"Apana," akasema. "Binti yangu, mi sikupima kitu. Sabini niliitoa kwa kichwa yangu. Hii kalamu mi siijui."

Barabara haikusimama. Muuza sukari wa jirani aliendelea kupima sukari yake. Mélissa akamtazama, akacheka kidogo, akasema afadhali ameyasikia hapa kuliko kuyaona Kajaga, akaondoka ameikumbatia tablet na kalamu yake ubavuni.

Rachid hakuwa na haraka ya kuondoka. Alijikuna shingo. Kisha akaenda kwake, akarudi na kitu kilichofungwa taulo, na alipokifungua ilikuwa redio.

"Mzee, hii ni ya bibi yangu. Niliibadilishia batri, ikakataa kulia. Miezi mbili sasa inanishinda. Niliogopa kukuletea, nilijua utanisema mbele ya watu."

Hamimu akaipokea, akafungua kifuniko cha nyuma. Betri nne, mpya kabisa, na zote nne zimewekwa kichwa chini miguu juu. Kicheko kikampanda hadi kooni. Aliyaona maneno yote yakijipanga, ya sokoni upande wake, ya msikitini upande wake.

Akakirudisha kifuniko taratibu.

"Hii ni ngumu," akasema. "Niachie mpaka kesho."