Mvumo Chini ya Wimbo

Mashine ikianza kuugua pale kinuni, mtu wa kwanza kujua alikuwa yeye. Darasa la nne hakulimaliza, na hata kuandika jina lake kulimchukua muda. Lakini msimamishe mlangoni mwa chumba cha kusagia, mashine tatu zikinguruma kwa pamoja, atakuambia bila kugeuza shingo kwamba beringi ya ile ya katikati imebakiza wiki mbili. Wenzake walimwita Masikio. Bosi alimwita Fundi siku alipomhitaji, na siku nyingine zote alimwita "wewe".

Kwa hiyo aliposema kwamba mashine ya oksijeni ilizimika mkewe akiwa kitanda cha tatu hospitalini, hakusema kwa uchungu peke yake, ingawa uchungu alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima na ukabaki. Alisema kwa sababu alisikia.

Alisikia kwenye simu. Mkewe alimtumia ujumbe wa sauti saa tisa mchana, yeye yuko kazini, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Aliufungua saa kumi na moja baada ya kunawa, na wakati huo mwenye sauti alikuwa ameshafunikwa shuka uso mzima.

"Fundi, nimefika nyumba ya ziwani. Ukija niletee lile sweta langu, huku kuna baridi."

Basi, ni hayo tu. Kisha mama wa watu akasahau kuufunga ujumbe, ukaendelea kurekodi kwa dakika mbili na kitu mpaka kidole kilipougusa ukaenda. Ndani ya dakika hizo hamna neno. Kuna pumzi zake, kuna wimbo wa mchezo, na chini ya vyote viwili kuna mvumo. Katikati ya dakika ya kwanza mvumo unakatika. Pumzi zinaanza kufuatana upesi upesi. Wimbo unaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Nyumba ya ziwani haikuwa nyumba ya mtu. Ilikuwa ndani ya kile kimashine cha michezo ambacho binti yao alikiacha alipoolewa, kidogo, cha kushika mikononi, kona moja imefungwa gundi ya karatasi. Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule. Siku moja alikiwasha ili aone kama kizima, na tangu hapo miaka tisa hakukizima isipokuwa wakati wa kuchaji. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kijitu chenye taa kinachopita mapangoni na masokoni, kikikimbizwa na kila aina ya wadudu, na kila mahali pana wimbo wake. Wimbo wa pango ulitembea kama mtu anayemnyatia mwenye nyumba. Wimbo wa soko ulikuwa wa vurugu, mkewe akiusikia alikosea mishono. Kijitu kikifa zilishuka sauti nne, moja baada ya nyingine, taratibu. Hizo mkewe alizichukia. Alibonyeza kitufe kabla ya ile ya nne, kila mara, hivyo kwa miaka tisa ya nne Masikio hakuwahi kuisikia.

Lakini kwenye nyumba ya ziwani hakuna anayekufa. Kijitu kinaingia, kinaketi, na mchezo haukidai chochote. Mkewe alikifikisha hapo, akakiweka kimashine karibu na cherehani, akashona. Wimbo wake ulipanda ngazi tatu, ukashuka mbili, ukasita kidogo kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kwamba ameacha kitu ndani, halafu ukarudi mwanzo. Mwanzoni Masikio aliulalamikia. Alisema anatoka kwenye kelele anakuja kwenye kelele. Mkewe akamjibu kwamba zile za kinuni analipwa kuzisikiliza, hizi zake ni za bure, ashukuru. Mwaka haukuisha akawa anautafuta huo wimbo tokea kona ya barabara. Akiusikia, anajua mama yupo, amekaa, mguu uko kwenye pedali. Asipousikia, hatua zinaongezeka zenyewe.

Na mvumo nao aliujua. Siku kumi na moja alikaa kando ya kitanda cha tatu kila jioni saa ya kuwaona wagonjwa, mashine ya oksijeni ikivuma miguuni pake kwa sauti nzito ya tumboni. Alimwambia mkewe kwamba hiyo mashine ina afya kuliko zote za bosi. Mkewe akacheka mpaka akakohoa, akamwomba asimchekeshe, mapafu hayana nafasi.

Hospitali ilisema umeme ulikatika mchana ule, ni kweli, lakini jenereta iliwaka mara moja na mashine haikusimama. Kitabu cha jenereta kilisema hivyo. Mama wa usafi wa wodi ile alisema vingine, kwa kunong'ona, akiwa ameinamia ndoo: jenereta haikuwa na tone la dizeli, na dizeli ilikokwenda kila mtu anajua, isipokuwa wanaotakiwa kujua. Alipoombwa aje aseme mbele ya kamati ya malalamiko, aliokota ndoo yake akaondoka.

Masikio akaenda na ujumbe wake wa sauti. Hakutaka kitu kingine zaidi ya neno moja kwenye faili: kwamba mashine ilizimika. Karatasi waliyomwandalia ilisema mkewe alikufa kwa ugonjwa aliokuja nao, na kwamba familia imeridhika. Aliapa kwamba hilo la kuridhika litaandikwa juu ya kaburi lake yeye.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, nyuma ya meza ndefu yenye chupa za maji ambazo hakukaribishwa hata moja. Mwenyekiti alikuwa bwana mmoja mwenye tabia ya kufumba macho mtu wa chini anapozungumza, akayafumbua sauti ikishanyamaza. Pembeni yake alikuwa katibu mwanamke mwenye mihuri, na mtaalamu wa kompyuta. Masikio alikuja na binti yake, naye akakaa akikitazama kitabu cha jenereta kilichofunguliwa mezani. Baadaye alimwambia kwamba siku nzima, saa kwa saa, ilikuwa imeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila pumziko, kama insha.

Walisikiliza ujumbe. Masikio akanyoosha kidole pale mvumo ulipokatika. Akawaeleza kwamba wimbo ule anaujua kwa miaka tisa, hauna sauti nzito, hauna kabisa, kwa hiyo sauti ile ni ya mashine ya oksijeni na hapo ndipo ilipokufa. Aliongea vizuri. Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya cherehani.

Mtaalamu akabonyeza kompyuta yake. Ukutani palikuwa na spika mbili nyeusi, ndefu kama milango ya kabati, za mikutano. Wimbo wa nyumba ya ziwani, aliouchota mtandaoni, ukatoka humo.

Masikio alihisi viatu vyake vinatetemeka. Chini ya zile ngazi tatu na mbili kulikuwa na sauti nyingine, nzito, pana, inavuma. Ikakaa hapo kitambo. Kisha ikakatika, na wimbo ukaendelea bila yake.

Mwenyekiti akafumbua macho.

"Mzee wangu, mvumo wako si huo?"

Masikio akavitazama viatu vyake.

"Ndivyo wimbo ulivyotungwa. Unaanza nao, unauacha. Hakuna mashine hapo."

Miaka tisa ameusikia, tena yeye, Masikio, na kumbe nusu yake hakuijua. Aliona watatu wale wanamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimkata maini kuliko kama wangemtukana. Akafikiri labda na beringi zote alizowahi kuzitabiri alibahatisha tu. Binti yake akamgusa mkono, akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, tia sahihi twende nyumbani, umechoka." Katibu akageuza karatasi imwelekee. Akaandika jina lake, herufi moja moja, nao wakasubiri kwa adabu kubwa.

Siku mbili hakukigusa kimashine. Siku ya tatu, mchana wa Jumapili, alikiweka juu ya cherehani akakiwasha. Mchezo ulifunguka pale mkewe alipouacha, kijitu kimeketi ndani ya nyumba. Wimbo ukaanza. Akainama kuitafuta ile sauti nzito ili angalau aijue, kwa kuwa ilikuwa ya mkewe pia.

Haikuwepo.

Akauacha wimbo uzunguke mara ya pili, mara ya tatu. Akakibandika kimashine sikioni. Akakigeuza, akatazama kitundu inakotokea sauti, na ndani yake kile kispika, kidogo kama kifungo cha shati. Hapo akashika tama. Kifungo cha shati hakiwezi kuvuma vile, hata ukiwekee nyimbo za dunia nzima. Ni kama kumwagiza chiriku angurume. Sauti nzito ilikuwa kwenye wimbo, sawa, huko kwenye spika za wakubwa, lakini kwenye kimashine hiki haikuwahi kutoka hata siku moja. Na mkewe alikuwa na kimashine hiki, hakuwa na milango ya kabati wodini. Basi uliovuma kwenye ujumbe ulikuwa mvumo wa kitu kingine, na kitu hicho alikijua.

Hili alikuwa analijua tangu zamani. Alilijua hata alipokuwa amekaa mbele ya ile meza. Robo saa tu ya watu wenye viti vya kuzunguka ilitosha kumwondolea masikio yake mwenyewe, akawasaidia na kalamu.

Kwa mikono yake minene akabonyeza asipopajua. Kijitu kikasimama, kikatoka nje ya nyumba, kikatumbukia ziwani. Sauti zikashuka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, yeye akitafuta kitufe alichokuwa akikibonyeza mama. Ya nne ikashuka pia. Ilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

Jumatatu alikuwa dirishani kwa katibu. Alimweleza habari ya kispika, akamwonyesha na kitundu chenyewe. Katibu alimsikiliza huku akibana karatasi, akamwambia faili limeshakwenda juu.

"Sahihi si yako, mzee?"

"Ni yangu."

"Sasa?"

Akamshauri aandike barua. Binti yake aliandika tatu. Kama zilisomwa, basi zilisomwa na aliyefumba macho.

Ndipo akaona njia iliyobaki ni kurekodi upya: wimbo wa kimashine kando ya mashine ya oksijeni, vyote kwenye simu moja, ili hata kiziwi asikie kwamba ni mvumo uleule. Aliingia wodini saa ya mchana ya kuwaona wagonjwa, pamoja na watu wenye wagonjwa wao. Kitanda cha tatu alilala mwanamke mwingine, wa umri wa binti yake, mrija puani, hana mgeni. Kando yake mashine ilikuwa inavuma. Masikio alimwamkia, akamwambia alikuwa na mgonjwa hapa, akaomba akae kidogo. Mwanamke akakubali kwa macho. Kimashine kikawashwa, na simu ikawekwa kurekodi.

"Ni nini hicho?"

"Ni wimbo wa mahali pa kupumzika. Ni mchezo tu."

"Ongeza sauti."

"Hapo ndio mwisho wake, mwanangu. Hakina nyingine."

Mwanamke akafumba macho. Wimbo ulipanda ngazi zake, na chini yake ule mvumo wa tumboni, vilevile, kabisa, kama ujumbe wa mkewe umefunguliwa tena. Dakika moja ikapita. Kupitia dirisha aliiona jenereta imefunikwa turubai, na juu ya turubai mtu alikuwa ameanika soksi, zimekauka zimekakamaa, za siku nyingi. Dakika ya pili ikaanza, naye akajikuta ameegemeza kichwa upande, pumzi ameibana, vile anavyosimama kinuni akisubiri beringi ife.

Alikuwa anasubiri ukatike. Umeme ukatike sasa hivi, saa tisa hii hii, mvumo ufe kwenye simu yake, halafu aipeleke kwa wale watatu wasikie na hizo spika zao. Alilitaka hilo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, na mwanamke alikuwa mbele yake, kifua kinapanda na kushuka.

Akaichukua simu, akafuta alichorekodi. Kimashine alikiacha pale kwenye shuka kikipiga, akakaa mpaka walipokuja kuwatoa wageni, macho yake kwenye zile soksi.