Mama Mkwe Ukumbini

Mwaka 1971 Joram Amolo aliacha kazi katika karakana ya reli, akanunua gitaa la umeme, na mkewe Awuor akarudi kwa mamake kijijini Kisian. Usimcheke Awuor. Mume aliyekuwa akileta mshahara kila mwezi sasa alishinda mtaa wa Manyatta, Kisumu, akichanganya muziki wa bluzi wa santuri za Wamarekani, fanki ya vijana na nyimbo za Kijaluo, mpaka wacheza dansi wenyewe hawakujua waanze na mguu gani.

Mamake Awuor, Perez, hakuwa mtu wa porojo. Alituma ujumbe: Jumapili alasiri angekuja mwenyewe Kisumu, kwenye ukumbi wa dansi alikopiga Amolo, aone kama hiyo ni kazi. Akikuta upuuzi, Awuor harudi ng'o.

Amolo akachanganyikiwa. Mkwe ni mkwe. Kwa Wajaluo mwanamume hata chakula hali mbele ya mama wa mkewe, sembuse kukata kiuno! Na fanki bila kiuno ni uji bila sukari.

Perez alipoingia na kitambaa chake cheupe cha kanisani, Awuor akimfuata, Amolo aligeuka akatazama ukuta. Akapiga hivyo hivyo, mgongo kwa watu. Vijana wakashangilia, wakidhani ni staili mpya kutoka Nairobi. Wajinga wale! Mwenzao alikuwa akitokwa na jasho la hofu, hajui kama nyuma yake mama amekaa au ameshatoka.

Mwishowe akaacha fanki. Akaanza wimbo wa polepole, bluzi tupu, ambao sauti yake aliiokota kwenye matanga ya baba mkwe, siku Perez alipozunguka boma akimlilia mumewe. Hakuwahi kumwomba ruhusa.

Kisha sauti ya mwanamke mzima ikapanda kutoka viti vya nyuma, ikaimba pamoja na gitaa, ikamtaja marehemu kwa jina. Amolo alilia waziwazi, uso ukutani.

Wimbo ulipokwisha, Awuor alikuja akasimama nyuma yake.

"Mama anasema hiyo ni kazi," alisema. "Lakini hapo mwisho umekimbia sana. Baba hakuliliwa mbiombio."

"Na wewe unasemaje?" Amolo aliuliza, bado akitazama ukuta.

"Geuka, bwana. Mama ameenda stendi. Mimi nimebaki."