Kichwa cha Veronika Kilipopotea

"Mama Jovin, hivi katekista akisoma matangazo, wewe kichwa chake unakiona?"

Hilda aliniuliza hivyo tukikata majani ya ng'ombe mpakani mwa vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba. Niliweka mundu chini, nikafanya ishara ya msalaba. Nilijua harusi ya bintiye inamchosha, lakini si kiasi hicho.

"Nakiona," nikamjibu. "Na masikio yake yote mawili."

"Basi hujui kufumba jicho."

Akanieleza. Bintiye Violet, aliyemaliza chuo cha ualimu mwaka ule mitumba ilipoanza kujaa Moshi, alimwambia kwamba nyuma ya kila jicho kuna mahali mshipa unapotokea kwenda kwenye ubongo, na hapo jicho halioni kitu. Ni tundu. Lakini ubongo hautaki aibu, unalitia kiraka cha rangi ya vitu vya jirani, kama fundi cherehani mzuri, na mwenye jicho hajui. Ukifumba jicho la kushoto, la kulia ukalikaza kwenye kitu kilicho kushoto kidogo kwa mtu, na ukiwa umbali wa kutosha, kichwa chake kinaingia tunduni. Hilda alikaza jicho kwenye mshumaa. Katekista Eliezeri akabaki kola na mabega, yanatangaza ndoa.

Nilikwenda nyumbani nikajaribu kwa jogoo, maana jogoo hajabatizwa. Nikatazama kigingi cha mbuzi. Jogoo akabaki shingo tu, na ile shingo ikawika. Nilisali rozari nzima.

Kumbe Hilda hakuwa anacheza. Violet alikuwa anaolewa Jumamosi, na katika ukoo wao bibi harusi hutoka nyumbani ameshikwa mkono na shangazi yake. Shangazi mwenyewe ni Veronika, wifi yake Hilda, na wawili hao walikuwa hawasemezani tangu Veronika aseme mbele ya wageni kwamba kiburu cha Hilda, zile ndizi zake na maharage, kina magadi ya kumkohoza ng'ombe. Hilda akajibu maneno ambayo siyaandiki. Sasa Veronika ameapa: Hilda asipomletea jani la isale kwa mkono wake mwenyewe, hamshiki Violet mkono. Kwetu jani hilo likishaletwa kuomba msamaha, hakuna wa kulikataa.

"Isale nitapeleka," Hilda alisema. "Ila nikiuona ule mdomo nitamtukana tu, na mwanangu atatoka peke yake kama anakwenda sokoni. Bora niyaombe msamaha mabega."

"Mabega hayasamehi, Hilda."

"Hayatukani pia. Twende, uwe shahidi."

Tukaenda. Veronika alikuwa ameketi mwisho wa sebule, amejikaza kama picha ya pasipoti. Pembeni yake, chini ya kalenda, alikaa Mzee Melkior, baba yake mdogo, mgane, aliyeitwa kusimamia jambo. Tukamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Haya mama, sema."

Hilda akasimama mlangoni, akafumba jicho la kushoto, akatazama kalenda. Nikaona uso wake unalainika. Ubongo ulikuwa umeshapaka chokaa pale penye wifi yake.

"Wifi yangu," akaanza, sauti kama ya kwaya, "nilikukosea. Wewe ndiye shangazi, mimi nilikukuta katika ukoo huu. Naomba unisamehe."

Mimi mwenyewe nikatafuta leso. Veronika akanyoosha mkono. "Haya, lete."

Hilda akasogea. Kwa karibu lile tundu halimezi mtu. Kichwa kikarudi, pamoja na mdomo wake. Hilda akarudi nyuma hadi mlangoni. Akaja tena. Akarudi tena.

"Unacheza ngoma gani?" Veronika akauliza. "Na hilo jicho! Unamkonyeza nani?"

Wote tukalifuata jicho. Lilikuwa limeelekea kwa Mzee Melkior, ambaye alikwishafunga kifungo cha juu cha koti.

"Mwacheni mama wa watu," mzee akasema kwa upole. "Huenda ni mdudu. Huenda si mdudu."

"Ni kalenda, baba!" Hilda akalia. "Sikukonyezi! Nilikuwa nimekifuta kichwa cha wifi ili niweze kumwomba msamaha!"

Nikajua harusi imekwisha.

"Umenifuta kichwa," Veronika akasema polepole. "Kwa jicho."

"Kinafutika. Muulize Violet."

"Unafanyaje?"

Hilda akamweleza, akamwonyesha mwavuli uliotundikwa ukutani kando ya mlango atazame huo. Veronika akafumba jicho. Akatazama, akasogeza kiti, akatazama.

"Mh! Ameondoka. Hilda, sema kitu."

"Niseme nini, wifi?"

"Yesu na Maria, gauni linaongea!" Akacheka mpaka kiti kikalia. "Mbona hukuniambia zamani? Tungeishi vizuri!"

Hilda naye akafumba lake, akaanza kucheka. Wakawa wanawake wawili wasio na vichwa, na mimi na mzee tuliobaki na vyetu hatukujua la kufanya navyo.

Veronika akainuka, akaja, jicho bado limefumbwa. Katikati ya sebule akasimama.

"Umerudi," akasema. "Pua ileile."

"Na mdomo uleule," Hilda akajibu.

Veronika akachukua isale mkononi mwa Hilda, akaichomeka kwenye kilemba, akajitanda kitenge, akatoka bila neno jingine, akashika njia ya mgombani inayokwenda nyumbani kwa Hilda, aliko Violet.