Vioo Kumi vya Jerusa Adoyo

Mvua ndefu za mwaka wa thelathini na nne zilinyesha mpaka watu wakachoka hata kuzilalamikia. Kufika mwezi wa sita, homa ilikuwa imepanda kutoka mabondeni ikaingia kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa chai. Kila asubuhi foleni mbele ya hospitali ndogo ya shamba ilikuwa ndefu kuliko ya jana. Wachumaji walikaa chini wamejifunika magunia, meno yakigongana, wakingoja kudungwa kidole.

Jerusa Adoyo aliwapita kwa kichwa kilichoinama. Hakuwa na kiburi. Alijua tu kwamba kila kidole pale ni kioo kimoja, na kila kioo kitamngoja yeye.

Kwenye orodha ya shamba aliandikwa mfagiaji. Aliajiriwa miaka miwili nyuma, alipomfuata mumewe Phelix kutoka kwao upande wa ziwa, kwa sababu alijua kusoma na mikono yake haikuvunja vitu. Kazi yake ilikuwa kuosha vioo: vile vipande vyembamba vinavyopakwa tone la damu ya mgonjwa, vikatiwa rangi, vikawekwa chini ya hadubini. Aliviosha kwa sabuni, akavisuuza kwa spiriti, akavifuta kwa kitambaa cha shuka kuukuu, akavirudisha kwa Kepher Otiende.

Kepher ndiye aliyekuwa msomaji wa vioo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, naye pia wa kutoka ziwani, na watu wa shamba zima walimheshimu, maana neno lake ndilo lililoamua nani alazwe apewe kwinini na nani arudi kuchuma chai. Siku moja alimwita Jerusa akiwa na ndoo mkononi.

“Nyara,” alimwambia, kama baba anavyomwita binti yake kwa lugha yao, “hebu weka jicho hapa. Uniambie unaona nini.”

Jerusa aliona uwanja wa rangi ya urujuani, na ndani yake pete ndogo ndogo, kila pete na kito chekundu. Alimwambia hivyo. Kepher akamwomba azihesabu.

Baadaye sana ndipo alipoelewa kwamba siku ile mzee hakuwa akimfundisha. Alikuwa akiuliza. Macho yake yalikuwa yameanza kuingiwa na ukungu, na pete zile kwake zilikuwa zimegeuka vumbi tu. Lakini swali lilizaa somo. Kepher akampa daftari lake la zamani, lenye michoro ya vijidudu vya kila aina aliyoichora enzi za ujana wake. Jerusa alilisoma saa za chakula, amesimama, kiazi mkononi. Akajifunza kukadiria rangi, kugeuza kile kioo cha kumulikia kilicho chini ya hadubini kiudake mwanga wa mawingu, kutia tone la mafuta bila kulimwaga. Mwaka ulipokwisha, yeye ndiye aliyekuwa akisoma vyote. Kepher alikaa kando yake na kalamu, akaandika majibu kwenye kitabu kikubwa, akatia sahihi yake. Daktari Mzungu, aliyezunguka mashamba mengi kwa gari na kufika pale kila Jumanne na Ijumaa, alikuta kitabu kimenyooka, akaridhika.

Hawakuwahi kuahidiana kulificha jambo hilo. Lilijificha lenyewe.

Kisha ikaja ile karatasi. Daktari aliibandika mlangoni mwenyewe: huko Nairobi kutakuwa na mafunzo ya miezi sita kwa wasaidizi wa maabara, atakayetaka alete barua ya mtu aliyeisimamia kazi yake ya hadubini, kabla mwezi haujaisha. Jerusa aliisoma mara tatu. Hapakuandikwa popote kwamba wanawake wasije. Hapakuandikwa pia kwamba waje.

Jioni alimweleza Phelix. Mumewe alikuwa amerudi kutoka kiwandani, ambako alishinda akichochea kuni za kukaushia majani, na harufu ya chai ilikuwa imemganda hadi kwenye nywele. Hakumkatalia. Alisema mama yake angeweza kuja kukaa na mtoto wao, kisha akasema miezi sita ni mingi, kisha akalala akiwa ameketi. Jerusa alilichukua hilo kuwa ndiyo.

Kupata barua ya Kepher ndiko kulikomshinda. Alipomwomba barua, mzee aliufuta mdomo wa chupa ya rangi kwa muda mrefu ingawa ulikuwa safi. Alisema atafikiri. Siku nne zikapita, zikawa saba. Jerusa hakurudia swali, kwa sababu jibu alilijua. Kwa mzee, kuandika kwamba mwanamke huyu anasoma vioo ni kuandika kwamba yeye havisomi. Kepher alikuwa na watoto watano, na mtu asiyeona hana kazi kwenye shamba la chai.

Elmina, mama wa Kikisii aliyefua mashuka ya wodi, alimshauri aende moja kwa moja kwa daktari.

“Wewe ndiye unafanya kazi, dada,” alisema. “Yeye anaandika tu.”

“Nikienda kwa daktari ninamfukuza yule mzee.”

“Na usipoenda?”

Jerusa aliokota shuka iliyofuata ndani ya beseni. Walikamua shuka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wakaianika ndani kwa sababu nje kulikuwa kunanyesha.

Aliomba ruhusa ya siku moja, Alhamisi iliyofuata, aende misheni ya Litein. Kepher hakumuuliza anaenda kutafuta nini. Alisema tu, “Nenda, siku moja nitaisukuma,” huku akitazama meza.

Njia ilikuwa tope tupu, na alifika na gauni zito hadi magotini. Sista wa misheni alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema. Alisema angemwandikia kwa furaha kwamba ana tabia njema, ni msafi, na anajua kusoma. Lakini kuhusu hadubini hangeweza kuandika neno, maana hakuwahi kumwona akiishika. Jerusa aliona ni haki. Hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumkasirikia. Aliiweka barua ya tabia njema ndani ya kitambaa chake cha kichwa isilowe, akarudi saa tatu nyingine kwa miguu.

Ijumaa asubuhi, kabla hajavua koti, wapagazi wawili walimleta mtu kwenye machela ya magunia. Alikuwa Atuti, mchumaji, kijana mwenye nguvu. Jana alikuja na kichwa kinamuuma, akadungwa kidole, akaambiwa damu yake ni safi. Leo alikuwa ameanguka katikati ya mistari ya chai, naye hakumtambua hata ndugu yake aliyemshika mkono.

Jerusa alikwenda kwenye sanduku la vioo vya jana, akakitafuta chenye namba ya Atuti. Alikitia mafuta, akainama. Pete zilijaa kila mahali, kama mtama uliomwagika.

Aliponyanyua kichwa, Kepher alikuwa mlangoni. Alivua kofia yake, akaketi kwenye ngazi ya nje, mvua ikamnyeshea magoti. Jerusa angetaka kumwambia neno, lakini foleni ilikuwa inangoja. Akavuta kiti akaanza. Alisoma vioo thelathini na kimoja kabla gari la daktari halijasikika, akiandika majibu mwenyewe kwenye karatasi ya kando.

Daktari alimdunga Atuti sindano ya kwinini, akakaa naye kitambo, kisha akaja kwenye chumba cha hadubini na kile kitabu kikubwa kikiwa wazi kwenye jina la Atuti. Alikuwa na sauti ya chini, na wote walijua kwamba sauti hiyo ni mbaya kuliko kelele.

“Nani alisoma hii?”

“Ni mimi, Bwana Daktari,” Kepher alisema. “Hii na zingine za jana tu ndizo nimesoma mwenyewe. Zile zote za mwaka huu amesoma huyu mama. Mimi sioni. Nimekaa bila kuona mwaka mzima, nikatia sahihi.”

Alisema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayetua mzigo na hajali tena umeangukia wapi. Daktari alimtazama, akamtazama Jerusa, akatazama mikono yake yenye madoa ya urujuani. Alitoka nje hadi garini. Jerusa alidhani anaondoka. Akarudi na kisanduku cha mbao.

Ndani mlikuwa na vioo kumi, vyake mwenyewe, vyenye namba bila majina. Alivipanga mezani, akamsogezea Jerusa kiti, akasimama nyuma yake. Jerusa alichukua cha kwanza.

Hakusikia hofu. Alishangaa baadaye alipolikumbuka hilo. Miguu ilikuwa bado inauma kwa safari ya jana, na uchovu ulikuwa umekwisha kula ile sehemu ya hofu. Alisoma kama alivyosoma siku zote: hiki kina pete, nyingi, hiki ni safi, hiki kina vile vilivyopinda kama mwezi mchanga, hiki rangi imekuwa nzito mno, lakini pete zipo. Alipofika cha nane alikawia. Alisogeza kioo huku na huku.

“Hii si malaria,” alisema hatimaye. “Kuna nyuzi hapa, zimejisokota kama nywele iliyotoka kwa kitana. Sijawahi kuona. Jina silijui.”

“Basi?”

“Basi siwezi kusema. Ninaweza kuichora.”

Daktari akampa penseli. Alichora, jicho moja likiwa juu ya hadubini na jingine kwenye karatasi, kama daftari la Kepher lilivyoelekeza. Daktari aliichukua ile karatasi akaishika muda mrefu. Akamweleza kwamba ni homa ya papasi, wale kupe wa nyumba za udongo, na kwamba kioo kile aliwahi kuwapa wanaume wawili waliosomea kazi, wakasema ni uchafu.

Siku ile ile aliandika barua kwenda Nairobi, akaambatanisha mchoro.

Atuti alifumbua macho Jumapili akaomba uji. Alipona, ingawa mguu wake mmoja ulibaki mzito, na Kepher alimpelekea maziwa kila asubuhi bila kumwambia kwa nini. Daktari alitaka kumwachisha mzee kazi. Jerusa alimwomba asifanye hivyo. Alisema foleni ni ndefu, anahitaji mtu wa kudunga vidole na kuandika majina, na hakuna dresa mwingine, mhudumu wa wagonjwa, anayejua kuwatuliza watoto. Daktari alisema mtu aliyedanganya mwaka mzima haaminiki. Jerusa akamjibu kwamba waliodanganya ni wawili. Daktari hakulipenda jibu hilo, lakini Kepher alibaki, akashushwa cheo.

Majibu ya Nairobi yalikuja baada ya wiki tatu. Daktari aliyasoma kimya kwanza, ndipo akamfasiria. Mkuu wa mafunzo aliusifu mchoro. Alisema hata hivyo hakuna mahali pa kuwalaza wanawake, wala mafunzo hayakuwahi kufikiriwa kwa ajili yao. Labda miaka ijayo, mambo yakibadilika. Alimtakia mwanamke huyo heri.

“Miaka ijayo ni mingapi?” Jerusa aliuliza.

Daktari alisema hajui. Alisema pia kwamba amejaribu kubadilisha jina la kazi yake kwenye orodha na ofisi ya shamba imekataa, kwa hiyo kwa sasa ataendelea kuandikwa mfagiaji. Ila kwenye kitabu cha vioo Jerusa atatia sahihi yake mwenyewe. Alikuwa na aibu usoni. Jerusa aliiona, na hakuwa na nguvu ya kumpunguzia.

“Bwana Daktari ana kitabu,” alisema. “Kile cha magonjwa ya damu, kiko kwa gari. Nataka kukisoma.”

“Ni Kiingereza. Kigumu.”

“Nimesikia.”

Wakakubaliana kwamba daktari atakiacha pale kila Jumanne na kukichukua Ijumaa.

Kilikuwa kitabu kizito chenye picha za rangi zilizofunikwa karatasi laini. Jerusa alijua herufi zote, lakini maneno mengi yalimshinda. Kepher alikijua Kiingereza tangu alipokuwa na wanajeshi wakati wa vita vya Wajerumani, ila herufi zile ndogo kwake zilikuwa mstari mweusi tu. Basi saa za chakula walikaa kwenye benchi chini ya paa la mabati. Jerusa akataja neno herufi kwa herufi, Kepher akaliunganisha kinywani, akalisema kwa Kidholuo, lugha yao ya ziwani, na lisipopatikana kwa Kidholuo akalisema kwa Kiswahili, na lisipopatikana kokote wakaliwekea alama wamuulize daktari. Mara nyingi mmoja wao alisinzia katikati ya sentensi, mwingine akamngoja.

Elmina alipita na beseni lake, akauliza wamefika wapi. Jerusa akamwambia bado wako kwenye utangulizi.

Ijumaa gari lilipokuja walikuwa wamemaliza ukurasa wa nne. Jerusa alikifunga kitabu, akakifuta kwa upindo wa aproni, akakiweka mahali ambapo daktari angekiona. Kisha akarudi ndani. Vioo arobaini na viwili vilikuwa vinakauka kwenye ubao, na mawingu yalikuwa yameanza kupunguza mwanga.