Lundo la Mawe la Kamsenga

Gari la kiangazi lilirudi Ikola Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, mwaka wa mvua zile za El Niño. Watu wa mwaloni waliacha dagaa wao juani wakakimbilia barabarani kulipokea. Lilikuwa Isuzu la tajiri mmoja wa Mpanda, lenye mabenchi ya mbao nyuma na turubai la viraka. Kila mwaka lilikuja mvua zikikatika, likatoweka zikianza. Safari hii lilikuwa limetoweka tangu Novemba, na miezi yote hiyo Ikola ilikaa na ziwa mbele na matope nyuma.

Esteria hakukimbia. Alikuwa pale kando ya barabara tangu alfajiri, miguu ameinyoosha, mapajani kafunga kitu kwenye kipande cha kanga.

"Mama Dorice, umebeba nini, mkate wa njiani?" aliuliza Maximilian, mchuuzi wa samaki wa migebuka, akipandisha vikapu vyake.

"Jiwe."

Maximilian aliweka kikapu chini, akamshika mkono akampandisha.

Lilikuwa jiwe jeusi la ziwani, lililosuguliwa na mawimbi likawa laini, ukubwa wake kama kichwa cha mtoto mchanga. Asubuhi tatu alitembea ufukweni akiokota na kutupa, hadi alipolipata lile.

Mwezi wa tatu Dorice, binti yake wa pekee, alishikwa na uchungu wa kuzaa, akakaa nao siku mbili. Mama mganga wa zahanati alimpapasa tumbo akasema hapa hatumuwezi, apelekwe Mpanda. Kiangazi, Mpanda ni safari ya siku moja kwa gari. Masika hakuna gari. Wanaume wanne walifunga kitanda cha kamba kwenye miti miwili wakaondoka naye, Method, mdogo wake Esteria, akiwa mbele. Esteria aliwafuata hadi mto wa kwanza. Maji yalikuwa yamewafika wanaume kifuani, machela wameinua juu ya vichwa, na Method akageuka katikati ya mto akapiga kelele, "Dada, rudi! Tutakuzika na wewe!" Esteria akarudi.

Siku ya tatu, walipovuka kijito cha Kamsenga, Dorice alikata roho, na mtoto tumboni mwake.

Huko kwao aliyefia njiani harudishwi nyumbani. Anazikwa pale pale pumzi ilipomtoka, na machela inavunjwa ikaachwa hapo. Juu yake linawekwa jiwe, na kila mpita njia anaongeza la kwake, awe anamjua marehemu au hamjui. Ndivyo wasafiri wanavyozikana. Kwa hiyo miezi ile yote, kila aliyetokea bara kwa miguu alipita kwanza kwa Esteria.

"Umeweka?"

"Nimeweka, mama."

"Limefika wapi?"

"Magotini." Baadaye wakasema mapajani. Mwezi wa tano wakasema, "Kiunoni, mama. Kiuno cha mtu mzima, si cha mtoto."

Hakuwa na faraja nyingine. Watu wasiojua hata jina la mwanawe walikuwa wanainama mvuani kumwokotea jiwe. Lililobaki lilikuwa moja tu, la mama. Hilo lisipowekwa, matanga hayaanuliwi, na mama haruhusiwi kulala kitandani. Esteria alikuwa analala chini kwenye mkeka, miezi mitatu sasa, na magoti yake yalikuwa yameanza kukataa kunyanyuka asubuhi.

Kwa hiyo mwenyekiti wa kijiji alipoitisha mkutano na kusema tajiri yuko tayari kurudisha gari, ila wananchi wafyeke na kuziba barabara wenyewe, Esteria ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama.

"Jembe ninalo," alisema. "Kesho saa ngapi?"

Kazi iligawanywa. Watu wa Ikola walitengeneza kutoka ziwani hadi Kamsenga. Vijiji vya upande wa Mpanda vilitengeneza kuja hadi hapo hapo Kamsenga, na kivuko cha kijito kikawa cha wale wa ng'ambo. Esteria alilima mitaro, akabeba udongo kwa karai, akawapikia ugali vijana waliokuwa wanang'oa visiki. Wanawake wenzake walimcheka kidogo: "Huyu utadhani gari ni la mkwe wake." Naye alicheka nao. Magoti yalimrudisha nyumbani kabla ya mwisho, lakini Method alifika na kundi hadi ukingoni mwa kijito. Ng'ambo aliliona lundo limesimama. Alifikiri awapelekee wale wa ng'ambo neno, halafu akajiambia: neno gani? Nani asiyejua lundo la mawe kando ya njia ni nini?

Gari liliondoka saa mbili. Dereva alikuwa Anicet, Mha wa Kasulu, mtu wa maneno mengi, ambaye tajiri alikuwa amemwajiri mwaka huo huo. Method na Esteria walikaa benchi la nyuma. Mbele yao alikaa Josefina, mke wa mvuvi mmoja, na mtoto wa miaka miwili mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea upande.

"Ana nini?" aliuliza Esteria.

"Homa, mama. Na jana usiku degedege. Zahanati wamesema Mpanda."

Esteria alitazama pembeni.

Abiria waliimba, wakataniana, wakapiga vigelegele kila mto ulipovukwa. Mahali ambapo Esteria alikumbuka kusukuma tope kwa mikono, magurudumu yalipita kama juu ya mkeka. Alijisikia fahari, akajionea aibu kwa fahari hiyo. Saa nane Method alimgusa bega.

"Kamsenga, dada. Tukishavuka tu, mkono wa kushoto, kwenye mninga."

Walivuka. Gari liliteremka taratibu, likagonga, likagonga, likapanda ng'ambo. Method alisimama kwenye benchi. Aligeuka kushoto, kisha kulia, kisha nyuma.

"Simamisha!" alipiga bodi kwa ngumi. "Dereva, simamisha!"

Mninga haukuwepo. Palikuwa na kisiki kibichi, na kingine, na kingine, na tope lililokauka lenye alama za kwato za maksai na matairi ya mikokoteni. Lundo halikuwepo. Wala kipande cha machela. Method alizunguka kama mtu aliyeangusha sindano.

"Ilikuwa hapa. Au hapa. Dada, kulikuwa na mti..."

Anicet aliteremka akijipangusa jasho. "Mmepoteza nini, wazee?"

"Palikuwa na mawe hapa," alisema Esteria. "Mengi. Ya kiunoni."

"Ah, yale!" Uso wa Anicet ulichangamka. "Mama, yale yalituokoa. Nilikuwepo, tajiri alinituma kusimamia. Tungesomba mawe toka mlimani wiki nzima, tukakuta lundo limepangwa tayari. Wakasema labda waliojenga barabara zamani waliyaacha. Wengine walisita sita, mimi nikawaambia, Mungu akikupa usiulize. Tukayatandaza kijitoni, nusu siku tu, kivuko kikaisha." Alionyesha kijito kwa kidole. "Angalia kazi ile. Hata debe la mafuta halikumwagika."

Watu wa Ikola waliokuwa juu ya gari walikuwa wote wanajua. Anicet aliwatazama mmoja mmoja, na uso wake ukaanza kushuka.

Esteria aliteremka hadi kijitoni. Aliweka jiwe lake ukingoni, akakunja kanga, akaingia majini. Aling'oa jiwe la kwanza, akalitupa ukingoni. La pili. La tatu alilikumbatia tumboni kwa mikono miwili.

"Dada," Method alisema.

"Niache. Nayarudisha."

"Utayarudisha wapi? Hata mimi sijui pale ni wapi."

"Utajua."

"Sijui, dada." Method alikuwa analia waziwazi. "Niliona mti. Sikupima. Nani hupima?"

Akaendelea kung'oa. Maji yalianza kupita kwa nguvu pale penye pengo. Juu ya gari Maximilian alisema kwa sauti ya chini, lakini ilisikika, "Akibomoa hapo, Alhamisi gari halirudi. Samaki wetu wataoza tena." Mwanamke mmoja akamkemea, "Nyie wanaume mna moyo wa samaki wenyewe." Lakini hakuna aliyeshuka kumsaidia, na hakuna aliyeshuka kumzuia.

Ndipo mtoto wa Josefina alipokakamaa. Josefina alipiga kelele moja, akamshusha mgongoni, akamlaza mapajani, na watu wakaanza kupepea kwa vitenge.

"Dereva, twende! Jamani, twende!" Halafu, akageukia kijitoni, sauti imekatika: "Mama Dorice, nakuomba."

Esteria alisimama majini na jiwe tumboni. Alimtazama Josefina na mtoto mapajani mwake. Kisha aliinama, akalirudisha jiwe kwenye shimo lake, akalikanyaga kwa kisigino likae. Akachukua yale mawili aliyoyatupa, moja moja, akayarudisha nayo, akayakanyaga. Akapanda gari akiwa amelowa hadi kifuani, jiwe lake jeusi mkononi.

Mtoto alifika Mpanda akiwa hai. Akapona.

Alhamisi walirudi kwa gari lile lile. Kamsenga, Anicet alizima redio, akavuka polepole mno, kama mtu anayepita mlangoni mwa wagonjwa, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu Esteria alilihesabu kila jiwe kwa mifupa yake. Method alimuuliza kama alitaka washuke, wachague tu mahali, waliweke lile jiwe.

"Mahali gani?" alisema.

Gari lilifanya kazi hadi Novemba, na mwaka uliofuata lilirudi, na uliofuata. Akina mama wengi walijifungulia Mpanda. Watoto wao wanacheza ufukweni. Esteria bado analala mkekani. Jiwe jeusi liko kando ya mlango wake, na mgeni asiyejua akiliokota agongee chikichi, anamwambia bila kunyanyua sauti, "Weka chini. Hilo lina mwenyewe."