Walioulizwa Tulikuwa Wawili

Mimi si mtu wa kunyamaza. Uliza soko zima la maziwa hapa Garissa, watakuambia ulimi wa Kinsi hauna breki. Lakini mwezi huu nimekuwa bubu nyumbani mwangu, na wallahi, kunyamaza kumeniuma kuliko jino.

Mume wangu Keinan hununua ngamia kule mji wa Griftu na kuwaleta kuuza huku. Mwaka jana majambazi walimvamia njiani, wakamnyang'anya kila kitu. Alirudi mzima wa mwili tu. Tangu hapo halali bila panga kando ya mto. Paka akiruka juu ya mabati, huyo, ameshasimama.

Ndipo akaamua kutafuta bastola. Wenzake walimcheka. "Waryaa Keinan, kibali cha nini? Bunduki si hizo, zimejaa porini?" Yeye akasema ya haramu haitaki, anataka yenye karatasi na muhuri, ili akisimamishwa njiani aionyeshe bila kutetemeka. Akapiga picha, akachukuliwa alama za vidole, akafuatilia cheti cha tabia njema. Foleni alizopanga mtu huyu! Siku ya kwenda kuhojiwa nilimwona akipiga pasi shati lake mwenyewe, nikamwonea huruma.

Halafu afisa akaja mtaani kuuliza habari zake. Walioulizwa tulikuwa wawili tu: mimi, na shemeji yangu Shueb, mdogo wake Keinan, anayeuza magodoro karibu na stendi. Tuliulizwa kila mtu peke yake. Ana hasira? Analala vizuri? Wewe utakuwa na amani silaha ikiwa ndani? Afisa akaniambia nitakalosema halitatoka pale.

Nikamwambia habari ya Istar.

Istar ni binti yetu, ana miaka minane. Alfajiri moja alitoka kwenda chooni, na aliporudi akasukuma mlango, baba yake akamrukia na panga kabla hajaamka vizuri. Panga likakita kwenye fremu, juu kidogo tu ya kichwa chake. Kulikuwa na giza. Keinan hakuona lilivyompita. Alicheka, akasema, "Pole mama, nilidhani mwizi," akarudi kulala. Mtoto alijikojolea mikononi mwangu.

Tangu siku hiyo Istar haingii ndani bila kujitaja kwa baba yake kutoka uani: "Aabo, ni mimi. Ni Istar." Baba yake humsifu mbele ya wageni. "Mnaona adabu ya binti yangu? Anapiga hodi hata kwao!" Mimi namimina chai, kimya. Ningemwambia nini? Mtu ambaye tayari halali, nimwambie alikaribia kumpasua mwanawe?

Lakini bastola, hapana. Panga lilikosa kwa shubiri. Risasi nayo ingekosa?

Jibu likaja: ombi halikukubaliwa. Sababu haikutajwa. Keinan akaikunja ile barua, akasema alhamdulillahi, akarudi barabarani mikono mitupu.

Mwezi uliopita wakamvamia tena. Safari hii alijikinga kwa mkono wa kulia. Daktari ameushona, lakini vidole havikunjiki. Mimi ndiye ninayemlisha. Namega anjera, nachovya kwenye mchuzi, nampelekea mdomoni, naye ananiambia, "Allah akulipe kheri, Kinsi." Kila tonge naomba ardhi ipasuke inimeze. Wageni wanaokuja kumjulia hali wimbo wao ni mmoja: angekuwa na bastola, wale wangekimbia. Na mimi nipo pale pale, birika mkononi. Nilimlinda mtoto, ndiyo. Lakini mkono ule nimeukata mimi, mtu asinidanganye.

Juzi, baada ya sala ya Alasiri, Keinan alimwita Shueb. Akamketisha mkekani, hata chai hakutaka nimpe.

"Walioulizwa ni wawili," akamwambia. "Wewe na Kinsi. Kinsi ni vazi langu, na vazi humsitiri mtu, halimuumbui. Basi nimebaki na wewe."

Shueb alicheka kwanza, akidhani ni utani. "Mimi, kaka? Nikuchongee wewe kwa serikali?"

"Basi apa." Akanigeukia. "Kinsi, tuletee Msahafu."

Nikauleta. Shueb alikuwa bado na udhu wake wa msikitini, akanyoosha mkono bila wasiwasi wowote, mkono wa mtu asiye na hatia. Halafu akasita. Nilimwona akifikiria, jambo lote likipita usoni mwake: akiapa kwamba si yeye, anabaki nani? Akaniangalia mara moja tu. Akaurudisha mkono.

"Siapi," akasema.

Kwetu anayekataa kiapo amekiri, hakuna cha kujadili. Keinan akamwonyesha mlango kwa mkono wa kushoto. "Toka. Nikifa usishike jeneza langu. Ukifa sitashika lako." Hao ni yatima wawili waliolelewa kwa maziwa ya kuomba kwa majirani. Keinan ndiye aliyembeba Shueb mgongoni.

Na mimi, astaghfirullah, nikawaza: wacha aende. Damu ni damu, watapatana. Idi ikifika nitachinja mbuzi, nitawaita wote wawili, yataisha. Shetani hakosi mpango mzuri.

Shueb alifika mlangoni, akavaa ndala moja. Ya pili ilikuwa pale pale mbele yake, lakini alikuwa akiipapasa kwa mguu, haioni kwa machozi. Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anatafuta ndala kwa ajili yangu. Hapo nilishindwa.

"Ni mimi," nikasema. "Mwache ndugu yako, Keinan. Niliyesema ni mimi."

Akanigeukia. Nilitarajia matusi, nilitarajia talaka. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka, "Nilikukosea nini, Kinsi? Ulimwambia nini yule afisa?"

Nikafungua mdomo, na huu ulimi usio na breki ukagoma. Niliuangalia mkono wake uliofungwa bendeji, sikuweza kumwongezea jeraha lingine.

Geti la mabati likalia. Istar alikuwa anatoka madrasa. Nyayo zake zikasimama uani, mbali na mlango, pale pale zinaposimama kila siku.

"Aabo, ni mimi. Ni Istar."

Keinan alianza kumwitikia kwa mazoea, kisha akanyamaza. Nikaona macho yake yakipanda kwenye fremu ya mlango, kwenye lile kovu la panga, yakashuka taratibu mpaka pale kichwa cha mtoto wa miaka minane hufika. Hapakuwa mbali. Hakuniuliza tena kitu. Alijaribu kuukunja mkono wake wa kulia, ukakataa.

Shueb alikuwa amesimama na ndala moja mguuni. Sote watatu tulimsikia mtoto akisogea hatua moja, akasimama.

"Aabo? Ni mimi tu. Niingie?"